Jumapili Mia Moja Hamsini na Sita

Kasikeu, Jumamosi mchana

Mumbua,

Salamu naziacha, maana tutasalimiana jioni ukirudi kutoka kusukwa. Mambo ya sweta, pasipoti na namna ya kubadilisha ndege baba yako ameshakueleza mara nne, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege, kwa hiyo hayo nayo naacha. Nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu Aprili, na kesho ungeondoka nalo ndani ya sanduku bila kujua, limefungwa kwa nailoni pamoja na vile vitabu vyangu ishirini na saba vya mvua.

Vitabu vitatu vya kwanza vina uongo. Niliuandika mimi.

Sasa limetoka. Vuta kiti usome taratibu. Barua hii nitakupa mkononi leo kabla ya chakula, kwa sababu sitaki uisome ukiwa angani, ambako huwezi kuniuliza swali. Alhamisi, tulipokuwa tunavifunga vitabu, nilifungua mdomo nikuambie. Wewe ukapiga kile cha juu kofi kidogo, kama mtu anayesifu ng'ombe wake, ukasema, "Mama, hivi ndivyo vimenipa kazi." Nikafunga mdomo nikaenda kutafuta kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Kwamba ndivyo vimekupa kazi, najua kuliko mtu yeyote, maana hiyo nafasi tuliitafuta pamoja. Ulipomaliza shahada ya pili ulidhani udaktari wa vitabu huko Ulaya unatafutwa kama shule ya upili: unaandikia ofisi, ofisi inakupa nafasi. Uliandikia ofisi sita, zikakurudishia vijitabu sita vya rangi vyenye picha za wanafunzi wamekaa kwenye nyasi. Nikakuambia kwamba hapa kwetu anayetafuta kibarua cha kupalilia haendi kwa chifu, anaenda kwa mwenye shamba ambalo magugu yameshaota. Ukaacha ofisi. Ukakaa maktaba ukisoma nani ameandika nini kuhusu mvua na udongo, ukamwandikia kila mmoja kwa jina lake, ukimwambia ni ukurasa gani wa kazi yake uliokusumbua na wewe una nini cha kuongeza. Barua arobaini na moja. Mimi nikachora jedwali nyuma ya daftari la mahudhurio: kwa nani, nchi gani, imetumwa lini, amejibu nini. Ishirini na wanne hawakujibu. Kumi na wawili walikataa kwa adabu. Wanne wakasema njoo, lakini uje na ufadhili wako, na hiyo ni njia nyingine ya kusema usije. Mmoja akauliza swali.

Yule profesa wa Uholanzi hakutaka kujua ulipata alama ngapi. Alitaka kujua kama una vipimo vya mvua vya kila siku, na ni vya miaka mingapi. Faksi yake ilikuja Aprili kwenye lile duka la Machakos ikiwa imefifia, na ulipofika nayo nyumbani uliisoma tena umesimama hapo mlangoni pa jikoni. Ukaniuliza, "Mama, vitabu vyako vina siku zote? Hakuna siku imerukwa?" Nilikuwa nachagua maharagwe. Nikasema, "Zote."

Neno moja. Ukaliandika kwa Kiingereza kizuri ukalituma, na wiki saba baadaye nafasi ikawa yako: miaka minne, kazi ya mkataba, meza yako na kompyuta yako, katika kundi la watu wanaochunguza jinsi mvua kubwa inavyobeba udongo. Na ni kweli hakuna siku imerukwa. Kila kisanduku kina namba. Ndiyo maana kwa muda nilijiambia sikudanganya. Lakini uliniuliza kitu kimoja nikakujibu kingine, na mtu aliyefundisha hesabu miaka yote hii anajua tofauti.

Wacha nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nilizaliwa Mutomo. Huko mvua ilikuwa inatajwa kwa jina la kitu ilichofanya: ile iliyobeba mbuzi wa fulani, ile iliyokatiza harusi. Hakuna aliyeipa namba. Mimi nilipenda namba tangu nikiwa mdogo, na darasa la nane nilimpita kaka yangu kwa hesabu, alama kumi na tisa juu yake. Yeye akapelekwa Kitui kuendelea na masomo. Mimi nikapewa jembe, na miaka miwili baadaye nikapata kazi ya ualimu usio na cheti, huku Kasikeu, ambako baba yako alinikuta. Cheti nilikuja kukipata mwenyewe kwa masomo ya posta, na hii ofisi ya mwalimu mkuu hakuna aliyenishika mkono kuniingiza. Ninakukumbusha ili ujue kwamba nilipoletewa kile kipimo, nilikuwa mtu mwenye njaa ya kuaminiwa na kitu.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Ofisa wa kilimo alikuja na mkebe mrefu wa shaba, wenye faneli juu na chupa ya kupimia ndani, tukauchimbia kwenye uwanja wa shule. Akasema apewe yule anayehesabu vizuri. Walimu wanaume wakatazamana, maana ilikuwa kazi ya kila siku saa tatu asubuhi na haikuwa na malipo, wakasema mwalimu Loise. Akanipa kitabu kilichochorwa visanduku, kimoja kwa kila siku ya mwaka, akaniambia kisanduku kitupu ni sawa na shamba lisilopandwa. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza daktari.

Jumapili ya kwanza nilifunga leso nikaelekea shuleni. Babu yako Musyoka, baba ya baba yako, alikuwa mzee wa kanisa, na mimi nilikuwa mke wa mwaka mmoja kwenye boma lake. Ibada ilianza saa tatu ile ile. Akanisimamisha njiani. Hakupaza sauti. Alisema, "Loise, mvua ni ya Bwana. Siku yake usimkague."

Ungenijibia nini, mwaitu? Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na leo nazungumza nawe kama nilivyotamani kuzungumza naye. Nilirudi nikaenda kanisani. Jumatatu nikakuta mkebe una mvua ya siku mbili, na kitabu kina visanduku viwili. Nikagawa kwa mbili. Nusu Jumapili, nusu Jumatatu. Babu yako hakuudhika, ofisa hakuona kisanduku kitupu, na jumla ya wiki ilikuwa sahihi hadi tone la mwisho. Nilijiona mwerevu. Nilifanya hivyo miaka mitatu kamili, Jumapili mia moja hamsini na sita.

Katika mwaka huo wa tatu ndipo alipokuja Anton.

Huyo umemsikia maisha yako yote, na nusu ya uliyoyasikia ni kweli. Alikuwa kijana mwembamba kutoka huko huko Ulaya, naye akitafuta udaktari wake kama wewe sasa. Alipanga chumba karibu na soko, akapigilia vigingi kumi na vinne kwenye ukingo wa lile korongo la chini ya shule, apime linakula ardhi kiasi gani kila mvua ikinyesha. Mvua yenyewe aliitoa kwenye kitabu changu. Jioni nilimsaidia kujumlisha, na nilikuwa naumaliza ukurasa kabla hajamaliza kunoa penseli. Akasema kwa profesa wake kuna nafasi ya msaidizi, miaka miwili, na anayefanya vizuri huachwa aendelee na masomo. Tulijaza fomu. Nilipigwa picha Machakos, ile unayoipenda ya kola nyeupe. Baba yako alikubali niende, na wanaume wa hapa walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Kisha ikanyesha ile mvua ya Jumamosi usiku. Asubuhi tulipita ukingoni tukienda kanisani, tukaona vigingi kumi na kimoja vimekwenda na maji. Anton alikuwa nasi, akawa kama mtu aliyepewa zawadi. Jumanne akaja na kitabu changu mkononi, akakaa kwenye dawati la mbele.

"Loise, hii mvua ilinyesha lini?"

"Jumamosi usiku. Mara moja tu, kama mtu amemwaga karai."

"Na Jumapili?"

"Jumapili jua lilikuwa kali. Tulianika mahindi baada ya kanisa."

Akaugeuza ukurasa unielekee. Jumapili inchi moja na nusu. Jumatatu inchi moja na nusu.

"Sasa hii ya Jumatatu ilitoka mbingu gani?"

Nilimweleza nikiwa natabasamu, Mumbua. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilimweleza kama mwanafunzi anayeonyesha njia yake ya mkato. Alianza kurudisha kurasa nyuma, kidole kwenye Jumapili, kidole kwenye Jumatatu, akisema chini chini, "Zinalingana. Zinalingana. Zinalingana." Nilisema jumla ni sahihi, ajumlishe popote atakapo. Akafunga kitabu akasema, "Udongo haubebwi na jumla."

Sikumwelewa siku ile. Ilinichukua msimu mzima wa kukaa ukingoni mwa lile korongo. Inchi tatu zikigawanywa siku mbili, ardhi hunywa. Inchi tatu za usiku mmoja hubeba vigingi kumi na kimoja. Mimi kwa kalamu yangu nilikuwa nimeipoza kila dhoruba ya Jumapili kwa miaka mitatu.

Fomu haikutajwa tena. Baada ya mwezi Anton aliondoka, ikaja barua ya mistari minne kwamba ile nafasi imechukuliwa. Miaka miwili mbele ofisa wa kilimo akanionyesha kitabu cha udaktari wa Anton. Nilitafuta jedwali la mvua. Alikuwa ameacha siku na kuchukua wiki, jumla ya kila wiki, na chini imeandikwa kwamba vipimo vilitoka shule moja ya karibu. Nililinganisha na nakala yangu. Hakuna hata wiki moja iliyopishana. Jumla zangu zilimpa yeye udaktari, na nusu zangu zikaninyima mimi safari.

Kwa hivyo niliposema kwa miaka yote hii kwamba mzungu alikula namba zangu, sikusema uongo. Nilisema nusu, kama kawaida yangu ya siku zile. Na bado namdai deni ambalo sijalifuta: Anton alikuwa Mkristo. Jumapili zote alizokaa hapa, saa tatu kamili alikuwa kwenye ibada, benchi la tatu nyuma yangu, akinitazama kisogo. Alijua niko wapi wakati kipimo kinapaswa kusomwa. Hakuuliza hata mara moja nani yuko shuleni, mpaka namba zilipomkataa. Wewe huko utapewa namba na watu wengi usiowaona. Kabla hujaziingiza kwenye kompyuta, uliza aliyeziandika alikuwa wapi saa ile, na nani alikuwa amemsimamisha njiani. Ukiuliza mapema na kwa upole atakuambia. Mimi ningemwambia. Huyo Anton nimemsamehe nusu, na nusu nyingine imebaki kwenye kisanduku cha Jumatatu.

Jumapili iliyofuata baada ya siku ile ya dawati, nilikwenda shuleni saa tatu. Babu yako aliniona nikipita. Hakunisimamisha tena, lakini nilitolewa kwenye uongozi wa akina mama, na kwa miaka minane sikusimama mbele ya kanisa kusema lolote. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini sisi tunaingia wimbo wa tatu ukiwa umeshaanza, na kwa nini tunapitia mlango wa pembeni. Nilikuambia ni kwa sababu mama yako ni mzito wa kutembea. Wewe ukabeba ile chupa ya kioo kwa mikono miwili, ukisoma kwa sauti, na hukuwahi kuiangusha. Kuanzia kitabu cha nne hadi cha ishirini na saba hakuna Jumapili hata moja niliyoigawa. Hata ile uliyozaliwa. Aliyekwenda ni baba yako, na mwandiko utauona ni wake, umelala kama mtu mgonjwa.

Babu yako alipokuwa kitandani mwaka wake wa mwisho, nilimpelekea uji Jumapili moja baada ya ibada. Akaniuliza, "Leo umepata ngapi?" Nikamwambia milimita ishirini na mbili. Akafikiri, akasema, "Nilidhani zaidi." Tangu siku hiyo kila Jumapili alinisubiri na swali lake.

Sasa tuje kwa lako.

Profesa wako ana kompyuta. Alichokigundua Anton kwa vidole, yeye atakigundua kabla ya chai ya saa nne, na kompyuta haitamwambia kwamba mama yako aliishi boma la mzee wa kanisa. Itamwambia mwanafunzi mpya amekuja na namba za kupika. Hilo ndilo ninalolikataa. Mimi niliaibika kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe usiaibike kwa mkono wangu.

Usiviache hivyo vitatu nyumbani. Najua utafikiria hivyo, maana ishirini na vinne vinatosha kabisa, na hata mimi niliwaza hivyo mwezi mzima wa Mei. Lakini ulishamwandikia ishirini na saba. Vibebe vyote. Siku ya kwanza, kabla hamjafungua kompyuta, viweke hivyo vitatu peke yake mezani, umwambie ulivyovisikia hapa. Mwambie pia kwamba ulimwandikia "zote" kwa sababu mimi nilikuambia "zote". Usinifiche kwa heshima. Nimekaa nyuma ya mlango wa pembeni miaka mingi na sikufa.

Na usiende mikono mitupu. Tangu Aprili sikukaa bure. Nilipitia vitabu vyote vitatu: Jumapili nyingi zilikuwa kavu, na sifuri ukiigawa inabaki sifuri. Zenye mvua ni ishirini na tisa tu. Halafu nikakumbuka kitu ambacho ningepaswa kukikumbuka zamani. Kanisani kuna daftari la ibada. Katibu wa siku zile alikuwa mtu wa kulalamika, na kila Jumapili, pamoja na hesabu ya waliohudhuria, aliandika sababu ya wasiokuja. "Njia ina matope, watu kumi na tisa." "Njia kavu, watu mia na kumi." Nilikwenda kuliomba. Mchungaji wa sasa, ambaye ni kijana, aliniuliza nalitafutia nini. Nikamwambia nataka kujua mvua ya miaka ile ilinyesha saa ngapi. Akacheka akaniambia, "Mama, wewe ulikuwepo." Nikamjibu, "Nilikuwepo kanisani. Ndiyo shida."

Ukikuta njia ina matope saa tatu, mvua ilinyesha kabla ya ibada, basi yote ni ya Jumapili. Ikiwa njia ilikuwa kavu na Jumatatu mkebe umejaa, ilinyesha baadaye, basi yote ni ya Jumatatu. Kwa njia hiyo nimerekebisha ishirini na mbili. Kanisa lililonikataza kupima lilikuwa linanipimia bila kujua. Nimeziandika kwenye karatasi iliyo nyuma ya barua hii, namba ya zamani, namba mpya, na maneno ya katibu kama alivyoyaandika. Kuna saba ambazo daftari limekaa kimya au katibu alikuwa mgonjwa. Hizo nimeandika haijulikani. Profesa akikusukuma uzijaze, mwambie haijulikani. Usizigawe kwa mbili.

Unaweza kuuliza kama nafasi inaweza kuchukuliwa. Nimeipigia hesabu pande zote, na jibu langu ni hapana. Kila mtu anayeomba nafasi kama hiyo anakwenda na namba na kuziapia. Wewe unakwenda ukijua ni zipi za kweli, ni zipi zilizorekebishwa na kwa ushahidi gani, na ni zipi saba zisizojulikana. Kama mimi ningekuwa profesa, huyo ndiye ningempa meza iliyo karibu na dirisha. Na kama nimekosea, nyumba hii ina milango miwili, na wa mbele uko wazi. Kuna jirani aliniuliza kanisani kama ukirudi na udaktari utakuwa unatibu watu. Nikamwambia utatibu korongo. Akasema hilo la shule linahitaji daktari kweli.

Ukimaliza kusoma, njoo uniulize chochote. Ukiwa na hasira, zitumie hapa hapa leo, usizisafirishe. Nitakuwa jikoni.

Kesho ni Jumapili. Baba yako anataka gari iondoke saa mbili, na shangazi zako watanuna, lakini nimeshaongea na dereva: tutaondoka saa tatu na robo. Saa tatu kamili nataka twende wawili hadi kwenye kipimo, wewe usome na mimi niandike. Septemba hii hakuna wingu hata moja, nami nikiwa hapa mezani najua itakuwa sifuri.

Tutaenda, tutaangalia ndani ya mkebe, ndipo tuandike sifuri.

Mama yako,
Loise